Miezi minne katika nyumba ya upataji nafuu Tanga: uzoefu wangu

Nilikaa miezi minne katika nyumba ya upataji nafuu iliyoko nje kidogo ya jiji la Tanga kwa sababu ya pombe. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote ambaye yeye mwenyewe, au ndugu yake, anafikiria kuingia katika nyumba ya namna ile. Jina lake sitalitaja, kwa sababu nina shukrani kubwa kwa watu wake na wakati huohuo nina lalamiko zito juu ya siku zangu za kwanza pale.

Nilikuwa karani wa ghala, na kwa miaka 11 nilikunywa kila siku. Nilianza na bia za mwisho wa mwezi, nikafikia mahali ambapo bila vikombe viwili vya mnazi asubuhi sikuweza kushika kalamu. Dada yangu mkubwa ndiye aliyenipeleka na ndiye aliyelipa: shilingi 250,000 kwa mwezi, miezi miwili ikitakiwa mbele. Ada hiyo ilihusu malazi, chakula na ushauri nasaha, lakini dawa na vipimo vilikuwa juu ya familia, jambo ambalo tuliambiwa baada ya pesa kupokewa. Ukienda, chukua shuka mbili, chandarua, ndoo na sabuni ya kutosha. Simu yako utaiacha ofisini, na wiki mbili za kwanza hutaonana na mtu wa nyumbani.

Siku ya kuingia nilijaza fomu iliyouliza dini yangu, kazi yangu na jina la mdhamini. Hakuna aliyeniuliza nimekunywa mara ya mwisho saa ngapi, na swali hilo moja lingebadilisha yote yaliyofuata. Wengi wa wenzangu walikuwa wametoka katika unga, yaani heroini, na waliponiona ninatetemeka walinituliza kwa nia njema kabisa: "Wewe kaka ni wa pombe tu, siku tatu umeshapona." Msimamizi wa zamu naye alikuwa na imani hiyohiyo. Asubuhi ya siku ya pili nilipewa kikombe cha uji, nikakishika kwa mikono yote miwili, na bado uji ulimwagika mpaka kwenye viwiko. Kijana wa kitanda cha jirani alikichukua, akanishikia mdomoni kama anavyolishwa mtoto, wala hakusema neno.

Usiku wa siku ile nilianguka kama mwenye kifafa. Sikumbuki chochote isipokuwa ladha ya damu, kwa maana nilikuwa nimejing'ata ulimi. Niliambiwa baadaye kwamba walijaribu kunipenyeza kijiko kati ya meno, jambo ambalo halifai kufanywa kabisa, kwani mtu aliyeanguka hivyo hulazwa ubavu na kuachwa mdomo wake bila kitu. Ufunguo wa geti alikuwa nao meneja, ambaye halali pale. Mpaka apatikane, na bajaji ipatikane, ilikuwa imefika saa kumi na moja alfajiri.

Daktari aliyenipokea hospitalini alimweleza dada yangu kwa utaratibu, na maelezo yake ndiyo ninayotaka yakufikie wewe. Pombe hupoozesha ubongo, na ubongo wa mtu anayekunywa kila siku kwa miaka hujizoeza kufanya kazi kwa nguvu zaidi ili kushindana na hali hiyo. Pombe ikikatwa ghafla, ile nguvu inabaki bila kizuizi. Kutetemeka, jasho na kukosa usingizi huanza ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho, kuanguka kwa kawaida hutokea ndani ya saa 48, na kati ya siku ya pili na ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa, akaona vitu ambavyo havipo, na asipotibiwa anaweza kufa. Arosto, yaani mateso ya mwili unapokatiwa kilevi ulichozoea, ikiwa ni ya unga humtesa mtu vibaya mno lakini ni nadra kumuua. Ya pombe inaua. Kwa hiyo kumfungia mlevi wa miaka mingi chumbani akapambane kwa sala na maji ya kunywa, hata kama ni kwa upendo, ni kumhatarisha.

Nililazwa siku sita. Nilipewa diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, dozi ikipunguzwa kila siku, na nilichomwa sindano za vitamini B1 kabla ya kutundikiwa dripu ya glukosi. Sista alinieleza kwamba ukitanguliza glukosi kwa mtu aliyepungukiwa na vitamini hiyo unaweza kumdhuru ubongo. Nilipotulia, daktari alinisomea maswali 10 yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani kupima unywaji, ambayo jumla yake ya juu ni alama 40, na kuanzia 20 mtu hushukiwa kuwa ameshakuwa mraibu. Mimi nilipata 31. Nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu mpaka siku ile nilikuwa nikijihesabu kuwa mnywaji mwenye matatizo ya kazini.

Niliporudi katika nyumba ile, nilikuta yale ambayo hospitali isingeweza kunipa. Tuliamka saa kumi na moja na nusu, kila mmoja akasali kwa dini yake, tukafanya usafi, kisha vikao viwili kwa siku, kimoja kikifuata Hatua 12 zilizotokana na kundi la walevi wanaosaidiana kuacha pombe, lililoanzishwa Marekani mwaka 1935. Wiki tatu za kwanza nilisikiliza tu. Mshauri wetu, ambaye mwenyewe alipitia huko, hakumlazimisha mtu kusema, ila alikuwa na mazoea ya kuuliza, "Leo umetamani saa ngapi?" Ni swali jema sana, kwa sababu linachukulia kwamba umetamani. Mimi jibu langu lilikuwa saa kumi jioni, wakati baiskeli ya mgema ilipopita nje ya ukuta ikiwa na vidumu vya njano na harufu yake ikaingia mpaka uani.

Chakula kilikuwa ugali na maharage au dagaa, samaki siku ya Ijumaa, na hakuna la kulalamikia hapo. Usingizi wa kawaida ulinirudia wiki ya tano. Siku ya familia ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote: mke wangu aliruhusiwa kusema bila kukatizwa, akaeleza jinsi binti yetu alivyojifunza kutambua hali yangu kwa kusikiliza namna ninavyofungua kitasa cha mlango. Sikuwa ninajua.

Sasa ni mwezi wa nane tangu nitoke. Kila Jumamosi ninarudi katika kikao cha waliomaliza, na siku ya mshahara mke wangu ananisubiri mlangoni mwa kazi, tunarudi nyumbani Ngamiani pamoja kwa miguu. Mwezi uliopita nilimwuliza meneja kama amepata muuguzi wa usiku, akajibu kwamba bado, ila ufunguo wa geti sasa unalala na msimamizi wa zamu. Basi wanaoniomba ushauri ninawaambia waanzie hospitali, wamweleze daktari kiasi na saa ya kinywaji cha mwisho, na waende katika nyumba ile wakiwa na barua yake baada ya zile siku za mwanzo kupita.