Uzoefu wangu na afterglowpy: kuiga nuru inayofifia baada ya mlipuko wa miale ya gama

Miale ya gama yenyewe huisha ndani ya sekunde au dakika chache. Kinachobaki ni nuru ya eksirei, ya kawaida na ya redio, inayofifia taratibu. Ya kwanza ilinaswa Februari 1997 na satelaiti BeppoSAX, ambayo data zake zilikuwa zikipokelewa Malindi. Kuiga nuru hiyo natumia afterglowpy, programu huria ya Python ya Geoffrey Ryan na wenzake. Unaisakinisha kwa amri moja, na kompyuta mpakato ya kawaida inaimudu vizuri.

Kila mwanafunzi wangu namwanzishia na GW170817, nyota mbili za nyutroni (mabaki mazito mno ya nyota zilizokufa) zilizogongana na kutoa mlipuko wa aina hii katika galaksi NGC 4993, umbali wa miaka nuru milioni 130 hivi. Ukichagua jeti (mkondo mwembamba wa maada unaorushwa na mlipuko kwa kasi inayokaribia ya mwanga) yenye kingo kali, TopHat, ukaitazama kwa pembeni, mstari wa grafu unapanda kwa kasi mno. Nuru ile haikwenda hivyo: iliongezeka polepole kwa miezi kama mitano, ndipo ikaporomoka. Sasa badilisha neno moja tu, weka Gaussian, yaani jeti ambayo nguvu yake hupungua kidogo kidogo kutoka katikati kwenda pembeni. Ukishapanga vigezo, mstari unapita katikati ya vipimo vya Chandra, darubini ya eksirei iliyoko angani, na VLA, darubini ya redio ya Marekani. Kuliona hilo likitokea kwenye skrini kunafundisha kuliko kurasa nzima za milinganyo, na hapo ndipo naipa programu hii alama zote.

Ina mipaka, na ni mizito. Inachukulia kwamba gesi iliyoizunguka jeti ina msongamano ule ule kila mahali, kwa hiyo upepo wa nyota kubwa haumo. Wimbi la mshtuko linalorudi nyuma halimo pia, wala gesi kuzifyonza redio zake yenyewe. Namba itakutolea, lakini kwa redio za siku za mwanzo usiitegemee.

Jingine ni pembe ya kutazamia na upana wa kiini cha jeti: ukivikuza vyote viwili kwa pamoja, grafu inabaki karibu ile ile. Kwa GW170817 vilitenganishwa na picha za darubini za redio zilizounganishwa, zilizoonyesha chanzo kikionekana kusogea kwa kasi ipatayo mara nne ya mwanga (ni mwonekano tu, si kasi halisi). Basi mtu akikuletea pembe aliyoipata kwenye grafu peke yake, muulize kwanza upana wa jeti aliutoa wapi.