Kamusi ya Strong kwa mzazi anayetafuta maana ya jina: mfano wa Samweli

Mzazi anayetaka kumwita mwanawe Samweli, naye anataka kujua jina hilo limetoka wapi, anacho chombo kizuri cha bure: konkodansi (orodha ya maneno ya Biblia na mistari yanamopatikana) ya James Strong ya mwaka 1890, yenye kamusi ya Kiebrania nyuma yake. Hakimiliki imekwisha zamani, hivyo programu nyingi za Biblia za simu zinayo. Kila neno la Kiebrania lina namba, kuanzia 1 hadi 8674, kwa hiyo hata asiyejua Kiebrania anaifuatilia bila shida.

Kinachowakwamisha wengi ni kwamba imejengwa juu ya Biblia ya Kiingereza ya King James. Tafuta Samuel, si Samweli. Yoeli na Yeremia wako kwenye J. Na anzia Agano la Kale siku zote. Katika Agano Jipya la King James, Eliya ni Elias na Isaya ni Esaias, na hapo utapewa namba ya Kigiriki (kwenye simu hutanguliwa na G), ambayo haielezi asili ya jina yenyewe, bali hukurudisha kwenye namba ya Kiebrania.

Samweli yuko namba 8050. Kamusi inasema jina limetokana na 8085, shama, yaani kusikia, na 410, El, yaani Mungu: aliyesikiwa na Mungu. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo kamusi inapopungua. Shama huandikwa kwa herufi za Kiebrania shin, mem na ayin. Samweli huandikwa kwa shin, mem, vav, alef na lamed. Ayin haimo! Fungua 3458, Ishmaeli, jina lililojengwa kweli kwa shama na El, utaikuta ayin imekaa mbele ya alef. Simeoni, 8095, naye anayo. Ndiyo maana wataalamu wengi huelekea 8034, shem, yaani jina: Jina la Mungu, au Jina lake ni Mungu. Strong hakuelekezi huko. Itabidi uifungue namba hiyo mwenyewe.

Halafu soma 1 Samweli 1:20. Hana anasema amempa mtoto jina hilo kwa kuwa alimwomba kwa BWANA. Kuomba ni shaal, 7592, mzizi uliozaa jina la Sauli, 7586. Katika mstari wa 28, neno la Kiebrania analolitumia Hana kuhusu mtoto ni shaul, herufi kwa herufi sawa na jina la mfalme. Basi "aliyeombwa kwa Mungu" ni ushuhuda wa mama; herufi za jina hazisemi hivyo. Kwenye kadi ya ubatizo andika "Jina la Mungu", kisha taja ombi la Hana pamoja na mstari wake.

Kwa kukusanya mistari, kazi hii ni bora sana. Namba 8050 inakuonyesha akina Samweli wengine wawili: mwana wa Amihudi (Hesabu 34:20) na mwana wa Tola (1 Mambo ya Nyakati 7:2). King James huwaandika Shemuel, hivyo ukitafuta kwa jina Samuel hutawaona. Tafuta kwa namba.

Ukichagua programu, chukua inayoonyesha herufi za Kiebrania zenyewe na inayokuruhusu kugusa namba ikakupeleka kwenye mzizi. Zile zenye matamshi ya Kilatini pekee mara nyingi huificha ayin, na bila kuiona ayin huwezi kuipima maana uliyopewa.