Nyota mbili kwa safari ya Manassas, na hata hizo kwa shingo upande

Nilikusudia kutoa nyota moja. Mjomba akanizuia, kwa hiyo ninatoa mbili, na msomaji akiniona ninayumba kabla sijamaliza, ajue kwamba hasira bado haijanitoka.

Mjomba wangu alifundisha historia katika shule za sekondari mkoani Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipokuja kututembelea hapa Maryland, majira ya joto yaliyopita au huenda yale ya kabla yake, hakutaka kuonyeshwa maduka wala Ikulu ya Marekani, bali alitaka kufika Manassas, Virginia, umbali wa kilomita 40 hivi kutoka Washington, ambako tarehe 21 Julai 1861 jeshi la Kusini lilishinda pambano kubwa la kwanza la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya majimbo ya Kaskazini na yale ya Kusini yaliyojitenga. Wanafunzi wake wa kidato cha tano na cha sita walikuwa wakimwuliza kila mwaka swali lilelile: Kaskazini ilikuwa na watu wapatao milioni 22 na karibu viwanda vyote vya nchi, Kusini ilikuwa na milioni 9 tu, tena zaidi ya milioni 3 kati yao wakiwa watumwa, ilikuwaje basi wachache wakashinda mwanzoni? Nikalipia nafasi mbili katika basi dogo la kampuni moja ya binafsi ambayo sitaitaja, tukaondoka alfajiri.

Nianze na haki ya mwongoza watalii, kwa sababu anayo. Kwa saa mbili za kwanza alisimulia vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Alitusimamisha kwenye Daraja la Mawe juu ya kijito cha Bull Run, akatueleza jinsi Jenerali Irvin McDowell wa Kaskazini alivyopanga kuwazunguka Wakusini kwa kupitia kivuko cha Sudley, mpango ambao kwenye karatasi haukuwa na kasoro, ila ulihitaji askari waliozoea kutembea usiku kwa safu, naye hakuwa nao. Wengi wake walikuwa watu wa kujitolea walioitikia mwito wa Rais Lincoln wa mwezi Aprili kwa siku 90, na siku hizo zilikuwa zinakwisha. Rejimenti moja ya Pennsylvania na kikosi kimoja cha mizinga cha New York walifunga virago na kuelekea nyumbani asubuhi ileile, huku mizinga ikinguruma nyuma yao. Waliobaki walifika kivukoni wakiwa wamechelewa kwa saa kadhaa, na afisa mmoja wa Kusini, Porter Alexander, akiwa juu ya kilima cha ishara, akaona mmeta wa silaha zao juani na kupeleka onyo kwa bendera.

Kisha akafika kwenye reli, na hapo nakiri kwamba hata mimi nilisahau kiu. Jenerali Joseph Johnston wa Kusini alikuwa na askari zaidi ya 10,000 katika bonde la Shenandoah, na kazi ya Jenerali Robert Patterson wa Kaskazini, mzee wa miaka 69, ilikuwa ni kumzuia asitoke huko. Johnston akamponyoka, akawapakia watu wake kwenye mabehewa ya reli ya Manassas Gap, na brigedi moja ikashuka kituoni mchana uleule wa vita, ikakimbizwa moja kwa moja hadi ubavuni mwa adui aliyekuwa hoi. Mjomba aliandika yote hayo katika daftari lake, akapigia mstari neno «treni» mara mbili.

Tukapanda kilima cha Henry. Pale lipo kaburi la Judith Henry, mjane wa zaidi ya miaka 80 aliyekuwa hawezi kitanda, ambaye kombora lilimwua ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kaburi hilo mwongozaji alilipita bila kulitazama, akaenda kusimama chini ya sanamu ya Thomas Jackson, yule jenerali wa Kusini aliyepewa jina la Ukuta wa Mawe siku hiyo. (Sanamu yenyewe ina misuli mingi kupita kiasi, yeye na farasi wake.) Hapo ndipo alipotutangazia sababu kuu: Wakusini walishinda kwa kuwa walizaliwa juu ya tandiko la farasi wakiwa na bunduki mkononi na ujasiri katika damu, ilhali Wakaskazini walikuwa makarani wa maduka.

Mjomba akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akauliza kwa Kiingereza chake cha taratibu ni nani waliochimba maboma ya udongo yaliyokilinda kituo cha Manassas.

Mwongozaji hakujibu, bali alimwuliza anatoka nchi gani. Mjomba akasema anatoka Tanzania. «Basi hii si historia yenu,» akasema mbele ya watu kumi na wawili, «waachie wenyewe waisikilize.» Wawili watatu wakacheka, naye akatupa kisogo akaendelea na farasi wa Jackson.

Damu ilinichemka. Mzee wa miaka sabini na kitu, aliyevaa koti kwa heshima ya mahali, anajibiwa hivyo na kijana anayeweza kuwa mjukuu wake! Nilikwisha kupiga hatua mbili pale Mjomba aliponishika mkono. «Mwache, mwanangu,» akasema. «Twende kivulini.»

Kuhusu kwamba historia hii si yetu, nitasema jambo moja tu. Pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikaletwa Unguja kwa majahazi ya Salem, bandari ya hukohuko, na bibi zetu wakaivaa kwa jina la merikani. Vita vilipozuka, kitambaa hicho kikaadimika sokoni. Historia iliyotufika hadi mwilini tutaachiaje wengine?

Chini ya mti, Mjomba alinijibia swali lake mwenyewe. Maboma, alisema, yalichimbwa kwa sehemu kubwa na watumwa waliokusanywa kutoka mashamba ya jirani, na kila mtumwa aliyeshika koleo, au aliyelima mahindi huko nyuma, alimwachia mzungu mmoja nafasi ya kushika bunduki. Kisha kuna maafisa. Kaskazini ilikuwa na jeshi la zamani la watu wapatao 16,000, na mkuu wake, mzee Winfield Scott, alipenda kuwaweka pamoja badala ya kuwatawanya wakawafundishe wageni wa vita. Kusini, kwa kuwa haikuwa na jeshi la zamani la kulinda, iliwatawanya maafisa wake waliosoma katika vyuo vya kijeshi vya West Point na Virginia katika rejimenti mpya zote. Juu ya hayo kuna bahati: rejimenti ya 33 ya Virginia ilikuwa imevaa sare za buluu, wapiga mizinga wa Kaskazini wakadhani ni wenzao, wakasita, na mizinga ikatekwa.

«Na ujasiri?» nikauliza.

«Ulikuwepo pande zote mbili,» akasema. «Mwulize huyo bwana wako ujasiri wa damu ulikuwa wapi mwezi Februari 1862, Jenerali Grant wa Kaskazini alipoteka ngome za Henry na Donelson huko Tennessee. Au Aprili, mji wa New Orleans ulipoanguka. Wanaosema Kusini ilishinda mwanzoni wanaitazama Virginia peke yake.»

Hilo ndilo linaloniudhi kuliko matusi yenyewe. Mwongozaji alikuwa na swali zuri miguuni pake, akalipiga teke. Kwa ajili hiyo ninarudi kwenye nyota moja. Lakini simulizi ya reli je? Sijapata kusikia mfano wake, na Mjomba, aliporejea Tanga, aliniandikia kwamba amewasimulia wajukuu vilevile alivyoisikia, hadi ile sehemu ya askari kuruka kutoka kwenye mabehewa. Basi ziwe mbili.

Wiki chache zilizopita alinipigia simu. Anakuja tena, na anataka safari ya Fredericksburg, ambako Jenerali Burnside wa Kaskazini alisubiri madaraja ya kuelea hadi Jenerali Lee wa Kusini akajipanga vilimani. Tena anamtaka mwongozaji yuleyule, kwa sababu ana maswali mengine ya kumwuliza. Nimemwambia kwamba nafasi zimejaa. Hazijajaa.