Pentax K1000 ya okazyo: kama feza ni kidogo, anza na hii

Yangu nimeipata hapa Lubumbashi, kwa muzee mmoja wa Kamalondo mwenye alikuwaka na studio, dola 60 pamoja na objektifu ya 50 mm f/2, na kwa mutu mwenye anatafuta apareyi ya pelikule bila kumaliza mushahara minasema wazi: chukua hii. Ilitengenezwa toka 1976 mpaka 1997, na ile batri ndogo LR44 ni ya kupima mwangaza tu, ikikufa unaendelea kupiga mpaka 1/1000 ya sekunde kama kawaida. Canon AE-1 ni muzuri pia lakini batri ikiisha haipige kitu, na inaombaka ile ya volti 6 yenye haipatikane ku kila butiki.

Lakini mimi nimeipendea objektifu zake! Bayoneti ya K, ni kusema pale objektifu inafungiwa ku apareyi, Ricoh na Chinon nabo balitumia, kwa hiyo objektifu zabo zinaingia na bei yake ni kidogo, kiisha ukipata Helios 44, objektifu ya apareyi Zenit yenye inafungwa na visi ya M42, unaweka pete ya M42 katikati na picha inakuwa wazi mpaka mbali kabisa, juu kutoka pale objektifu inafungiwa mpaka ku pelikule ni 45.46 mm kwa zote mbili, K na M42. Chunga tu zile mupya zenye hazina pete ya kuzungusha f (ukubwa ya tundu ya mwangaza) kwa mukono, hapa zitabakia zimefungwa ku tundu ndogo ya mwisho, achia muuzaji.

Mbele ya kulipa fungua mugongo, weka sekunde 1, kiisha 1/1000, angalia kama rido yenye kufunika pelikule inafunguka na kufunga bila kukwama. Tia toroshi ndani ya objektifu: ukiona nyuzi sawa za buibui, ni kuvu, na huku kwetu na mvua ya Novemba mpaka Machi objektifu yenye ililala mu sakoshi ya ngozi inashikaka kuvu haraka, usikubali ata bakupunguzie. Sponji ya mulango ikiwa inanata haina shida, inabadilishwa na ni bei ya chini.

Kasoro yake, haina butoni ya kuzima kipimo ya mwangaza, kwa hiyo ukimaliza rudisha kifuniko ku objektifu ama batri itaisha mu sakoshi. Na haina retaradatere, ile ya kuchelewesha ili apareyi ijipige yenyewe, picha ya familia mwenye kupiga haingie.

Feza ikibakia ongeza objektifu ya 28 mm f/2.8 yenye inaona kwa upana, mu parsele zetu hauna nafasi ya kurudi nyuma. 135 mm, ile ya kuvuta vitu vya mbali, ingoje, nunua pelikule kwanza.