Rauta ya mfukoni niliyopanda nayo Rungwe, na yule kijana wa dukani

Nimevumilia kama wiki mbili tatu hivi nikasema basi yaishe, lakini kila nikikumbuka nilichojibiwa dukani damu inanichemka upya, bora niandike.

Kifaa chenyewe ni kile kirauta cha mfukoni cha kuweka laini, mnakijua, maduka ya simu Mwanjelwa hapa Mbeya yamejaa, mambo ya kasi sijui inaunganisha simu ngapi yapo kwenye boksi mtasoma wenyewe. Mimi napandisha watu milimani, vikundi vidogo vidogo, Loleza, Ngozi, Rungwe, na Kitulo maua yakichanua, na kila jioni lazima nipost tulipofika, picha mbili tatu na maelezo ya siku, kwa sababu ndugu zao walioko nyumbani wanafuatilia hapo. Kwangu hiyo ni sehemu ya kazi kama vile kubeba maji.

Sasa yule kijana nilimuuliza mara mbili kabla sijatoa hela. Nikamwambia kaka, naenda kulala juu Rungwe, hii itashika? Akajibu huku macho yake yakiwa kwenye simu, "Dada hiyo inashika popote, hata porini." Nikalipa laki na ushee, nikaweka bando la wiki, nikaondoka na furaha yangu.

Tukaanzia upande wa Isongole. Kwenye mashamba ya viazi mtandao umejaa, nimepost watu wakicheka, kila kitu safi. Tulivyoingia msituni, mianzi ikaanza kufunga juu ya vichwa, taa ikawa nyekundu na ikabaki hivyohivyo. Kambini nikazima nikawasha, nikakifunga kwenye fimbo nikainua juu, vijiti viwili vya mtandao vinatokea, picha inaanza kwenda, inakwama, vijiti vinapotea, narudia, inakwama tena, hivyo hivyo mpaka saa tatu usiku chaji ikaisha kabisa na asubuhi ilikuwa mia kwa mia. Baridi ya kule inamaliza betri, halafu kifaa kikiwa mbali na mnara kinatumia nguvu zake zote kuutafuta, muda wote, hata kama wewe umekaa tu hufanyi kitu.

Na nilikuwa nimemuahidi mama mmoja wa Uyole kwamba kabla hajalala ataona picha ya binti yake, mtoto ndo mara ya kwanza anapanda mlima. Hakuona kitu. Akapiga simu zetu zote, hakuna hata moja inayopatikana. Saa tano usiku mama wa watu akachukua bajaji mpaka Ilomba kumgongea kaka yangu, analia, anauliza mwanangu yuko wapi. Hilo silisahau.

Asubuhi mzee anayetuongoza, mtu wa palepale, akanikuta nimejiinamia. Nilivyomweleza akasema "Sasa mwanangu, mbona hukuniambia jana?" Akanipeleka kama dakika kumi na tano nje ya njia, kwenye jiwe ambalo mianzi imeliachia, unaona mabati ya kule chini yanang'aa. Akatoa kitochi chake kile cha vibonye, akapiga, kikaita! Nikaongea na yule mama, nikampa mwanae simu, wakalia wote wawili. Mzee nilimwambia ndaga, asante ya Kinyakyusa, mpaka nikaishiwa maneno.

Nimekuja kuelewa baadaye. Kitochi kinatumia 2G ya zamani, mawimbi yake ya chini yanafika mbali, hata kilomita 35 kukiwa wazi, na sauti au meseji haihitaji mzigo mkubwa. Kirauta changu ni 4G na 3G tu, hiyo 2G haimo kabisa, ikikosa 3G imekosa kila kitu. Na vile vijiti vinatudanganya sana jamani, vinaonyesha wewe unavyousikia mnara, havionyeshi kama mnara unakusikia wewe, na kutuma picha ndo kunataka mnara ukusikie. Minara yenyewe imeelekezwa chini kwa watu, mlima ukikaa katikati basi. Haya yote angeweza kuniambia yule kijana, au aseme tu sijui dada, ningemuelewa.

Ila niseme ukweli, palepale kwenye jiwe nikakichomeka kwenye pawabenki, kikawaka, kikashika, picha zote za jana zikaenda ndani ya dakika chache na watu wakaanza kujibu nikiwa nimesimama mawinguni. Nilifurahi sana siku ile. Nikajua kifaa hakina kosa, niliuziwa kwa uongo.

Kwa hiyo kurudi dukani sikwenda kugombana. Nilitaka kuongeza hela nibadilishiwe chenye tundu la kuchomeka anteni ya nje. Nikamweleza taratibu ilivyokuwa. Unajua kanijibu nini? "Kwani dada huko mlimani unampostia nani, nyani?" Akamwangalia mwenzake wakacheka. Na kubadilisha hakuna, boksi limeshafunguliwa.

Nyani! Hao anaowacheka ni pamoja na kipunji, wazee wa huku walikuwa wanamjua siku zote, wanasayansi ndo wakamtangaza 2005, na dunia nzima yuko kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone na kipande cha Udzungwa, basi. Asubuhi ile ile tulimsikia, mlio kama honi, na wale vijana niliokuwa nao wengine wamezaliwa Mbeya na hawajawahi hata kusikia jina lake. Ndicho nilichokuwa nataka kurusha. Ndo nampostia huyo mama wa Uyole, nawapostia watu wa Mbeya wajue kilichoko juu ya vichwa vyao.

Kilimanjaro TTCL, shirika la simu la taifa, walipeleka intaneti mpaka kambi ya Horombo, mita 3,720, tangu 2022, na hakuna aliyeuliza wanampostia nani. Rungwe haifiki hata mita 3,000, na watu wanaishi kuizunguka pande zote, sisi tunategemea jiwe la mzee.

Nilikuja hapa kutoa nyota moja. Kifaa nakipa tatu, kwa mjini na vijijini karibu na barabara hata nne, kinafanya kazi vizuri sina ubaya nacho. Ila kama unapanda nacho mlimani ukitegemea ndo kitaita msaada mtu akivunjika mguu, usinunue, nakuomba kabisa, beba kitochi. Hapana, hata tatu ni nyingi, nikimfikiria yule mama kwenye bajaji usiku naona mbili. Lile duka sifuri, na sitakanyaga tena.

Kama kuna aliyewahi kufunga anteni ya nje kwenye rauta ya hivi ikashika ndani ya mianzi, Rungwe au hata upande wa Kitulo, aniambie ni ya aina gani na waya mita ngapi. Nina kundi lingine linapanda mvua zikipungua.