Sauti za Busara: Kulala Mji Mkongwe au Paje?

Anayekwenda Unguja mwezi Februari kwa ajili ya Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2004, hana budi kuamua mapema atalala wapi. Paje ina ufukwe mweupe na upepo mwanana, lakini iko mwendo wa takriban saa nzima kwa gari, na muziki wa Ngome Kongwe, ngome ya Mji Mkongwe linakofanyika tamasha, huendelea hadi usiku wa manane, wakati daladala zimekwisha kulala na msafiri hubaki akitegemea teksi. Mji Mkongwe una joto na vyumba hujaa haraka. Hata hivyo mimi nauchagua bila kusita, kwa kuwa jioni unakula urojo wa moto kwenye bustani ya Forodhani, unavuka barabara, unaingia lango la Ngome, na baadaye unarudi kwa miguu kupitia vichochoroni, ngoma zikiwa bado masikioni.