Duka la pembejeo karibu na soko, Mtwara mjini: mbegu za nyanya za kuhesabiwa punje (nyota tatu)

Naandika kwa wale wa Mtwara mjini mnaokaa nyumba za kupanga zenye uwanja wa saruji kama mimi, niko Chikongola, na mnataka kupanda nyanya kwenye ndoo. Jina la duka silitaji, nina ugomvi nao nusu nusu tu na sitaki kuwaharibia, ila ukifika mwezi wa sita utalijua kwa mifuko ya salfa, ile dawa ya unga ya ukungu wa mikorosho, iliyopangwa mpaka mlangoni, unapita upande upande kama kaa.

Mara ya kwanza nilienda mwaka juzi mwishoni mwa mwezi wa tano. Watu wa korosho wamejaa, huyu anataka salfa, huyu analalamikia bloa lake la kupulizia haliwaki, na mi nimesimama na kipochi nataka mbegu. Kijana wa kaunta ananiuliza "ekari ngapi dada?" Nikamwambia ndoo sita. Akacheka, ila sio kwa dharau, akanihudumia hapo hapo bila kuniambia subiri, hiyo nawapa alama. Akachukua pakiti iliyokwisha funguliwa, akamwaga mbegu kwenye kipande cha karatasi, akahesabu punje 30 kwa ncha ya peni, akanifungia kwenye kinailoni. Elfu tatu. Mbegu zenyewe zina rangi ya pinki, ile ni dawa ya fangasi kwa hiyo nawa mikono na usiache mtoto azichezee.

Sasa nikamuuliza swali moja tu, nyanya zikiiva naweza kutoa mbegu nikapanda tena mwakani? Akanijibu "kabisa dada, mbegu si mbegu tu." Shikeni hayo maneno.

Kuota zilivyoota sina neno. Nilisia kwenye trei za mayai za karatasi, ndani ya wiki moja miche 27. Zilipofika kimo cha kiganja nikachagua sita, nyingine nikagawa kwa majirani. Ndoo ni zile za rangi za lita 20, nimezisugua, nimetoboa chini matundu nane kwa msumari wa moto. Udongo wetu wa huku ni kichanga, ukimwaga maji yanapita kama kwenye chujio, kwa hiyo nilichanganya udongo mweusi na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, udongo ndoo moja kwa samadi nusu. Na mche usiuweke juu juu, uzike mpaka karibu na majani ya kwanza, shina la nyanya linatoa mizizi popote linapogusa udongo.

Halafu balaa. Nyanya za kwanza zikafikia ukubwa wa yai, kitakoni nyeusi, bapa, kama mtu kazipiga pasi. Nikazibeba mbili mpaka dukani. Yule kijana kaangalia sekunde mbili, "ukungu huo", kaniuzia dawa ya ukungu elfu saba. Nikapiga wiki mbili, hola. Baadae nikaja kujua ile wala sio ukungu, ni mmea kukosa kalisiamu kwenye tunda, na mara nyingi udongo wenyewe kalisiamu inayo ila maji hayaendi sawa, leo umekausha kesho umefurisha. Na kweli bwana, nilikuwa nimeenda Lindi kwenye msiba siku tatu, niliporudi nikazimwagia kama nazima moto. Nilichofanya ni kutandaza makumbi ya nazi juu ya udongo na kumwagilia kila asubuhi kwa kopo lile lile, zilizofuata zikatoka safi. Makumbi ni ya bure. Ile elfu saba naidai mpaka leo.

Mavuno yakawa matamu, nyanya zote saizi moja, umbo moja, ungedhani zimetoka kiwandani. Nikachagua zilizoiva zaidi nikatoa mbegu, nikakausha, nikatunza, nikajiona nimemaliza biashara na maduka.

Mwaka jana mwezi wa tano nikasia mbegu zangu. Jamani. Ndoo sita, kila moja na mambo yake. Mbili zikarefuka zikapanda nguzo mpaka kwenye bati na maua ya kuhesabu. Moja ikazaa vinyanya kama zabibu. Nyingine ikazaa nyanya kubwa zinazopasuka kabla hazijaiva. Moja tu ndio ilifanana na mama yake, na ya sita ikanyauka ikafa ikiwa kijani (hiyo nilikata shina nikalichovya kwenye glasi ya maji, kikashuka kiuzi cheupe kama maziwa, ndio mnyauko wa bakteria, udongo wote nikautupa mbali). Bibi mmoja jirani yangu, Mmakonde wa Newala, akaja kuziangalia, akashika kiuno, "nnjukuu wangu, nyanya hii haina kwao."

Nikarudi dukani na nyanya nne tofauti kwenye mfuko. Kijana kaanza "dada mbegu haina garantii", bahati nzuri siku hiyo alikuwepo bi mkubwa mwenye duka, akamnyamazisha. Kaniuliza pakiti ilikuwaje, nikamwambia pakiti sikupewa nilipewa kinailoni. Akaenda kuitoa, imeandikwa F1 mbele kabisa, kubwa tu, ambayo mi ningeiona kama ningeuziwa kwenye pakiti yake. F1 ni chotara kizazi cha kwanza, wamechanganya baba na mama wa aina mbili tofauti, watoto wa kwanza wanatoka sare sare na wanazaa kweli, ila ukipanda mbegu za hao watoto ndio kila kitu kinachanganyika, huyu kamfuata babu, huyu kamfuata shangazi. Mbegu haikuwa mbovu hata kidogo. Ubovu ni kumuuzia mtu punje bila lebo afu akikuuliza unamwambia kabisa dada.

Bi mkubwa akanipa pakiti nzima ya Tengeru 97, kanipunguzia buku. Hii sio chotara, ilitolewa na kituo cha utafiti cha Tengeru kule Arusha, hiyo 97 ndio mwaka wake, na ganda lake gumu kwa hiyo inakaa jikoni siku nyingi bila kulegea. Nyanya inajichavusha yenyewe kwenye ua lake, kwa hiyo aina kama hii ukitunza mbegu unapata ile ile. Akanionya, "mwanangu hii iache mpaka mwezi wa tano." Mi na haraka zangu nikasia mwezi wa tisa ule ule. Desemba maua yakawa yanaanguka kama mvua, joto la hapa mnalijua, usiku wenyewe unalala na feni na shuka huligusi, nyanya haishiki tunda kwenye hali hiyo. Nikaambulia chache, ila zilitosha mbegu.

Kwenye kutoa mbegu ndio nataka kuwapa vizuri maana wengi wanakosea hapa. Nyanya iive mpaka iwe laini. Kata katikati, kamua mbegu na ule ute wake kwenye kikombe, ongeza maji kidogo, funika na kitambaa, weka kivulini. Ule ute ndio unaozuia mbegu isiotee ndani ya nyanya, inabidi uoze utoke. Siku ya pili juu panakuwa na utando mweupe na harufu ya uraka, ile pombe ya mabibo, shemeji yangu alipita jikoni akauliza nani kapika. Hapo hapo osha. Wanaosema siku nne sijui tano labda wanakaa kwenye baridi, mi kikombe kimoja nilikisahau mpaka siku ya nne nikakuta mbegu zina vimkia, zimeshaota. Ukiosha, nzuri zinazama, mapepe yanaelea unayamwaga. Anika kwenye sahani ya bati kivulini, sio kwenye gazeti, zinaganda na karatasi utazibandua na kucha. Zikikauka mpaka zinalia zikigusana tia kwenye kichupa kikavu na punje kadhaa za mchele uliokaangwa ili ufyonze unyevu, andika jina na mwaka.

Mwaka huu nimesia hizo, ndoo sita zote zimetoka ndugu moja. Bibi wa Newala kaomba mbegu, nimempa, na yeye kanipa za vile vinyanya vyake vinavyojiotea nyuma ya bafu miaka na miaka, wala hajui vilitoka wapi.

Kwa hiyo nyota tatu. Bidhaa nzuri, bi mkubwa anajua kazi, wateja wadogo hawanyanyaswi. Nyota mbili nimezikata kwa kinailoni na kwa ile dawa ya ukungu. Ukienda taka pakiti iliyofungwa yenye lebo ya TOSCI, wale wa serikali wanaothibitisha ubora wa mbegu, hata kama ni bei zaidi, soma kama kuna F1, na kama unapanda kula tu bila kutunza mbegu basi hiyo F1 chukua kwa raha zako, inazaa kuliko. Nenda asubuhi, bi mkubwa yupo mpaka saa sita. Na msimu wa salfa beba hela za chenji, noti ya elfu kumi watakuzungusha mpaka uchoke.